Kaburi la babu aliyekwenda Keya: kwa nini wengine wana jiwe, wengine jina ukutani, na wengine hawana chochote

Nyumbani kwetu Gem, magharibi mwa Kenya, kuna tuta dogo la udongo, upande wa kulia wa mahali iliposimama nyumba ya mke wa kaka yake babu. Tukiwa watoto tulikatazwa kucheza hapo kwa sababu ni kaburi. Nilikuwa nimeshamaliza shule nilipoelezwa kwamba chini ya tuta lile hakuna mtu. Kuna tunda la yago, lile refu na zito linaloning'inia kwenye mti ambao watu wa pwani huuita mwegea. Mwenyewe, yaani kaka yake babu, alikufa Burma, nchi ambayo leo inaitwa Myanmar, mwishoni mwa 1944 na mwili wake haukurudi. Kwa desturi ya Wajaluo, mtu asiyerudi huzikiwa yago, ili naye apate pa kulala na walio hai waache kumsubiri.

Baba yake pia alikwenda vitani. Mwaka 1917 alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, akaacha mtoto wa miaka mitatu na mke mjamzito. Mimba ile ndiyo iliyomzaa babu yangu. Baba yao naye hakurudi, wala hakuzikiwa yago, kwa sababu hakuna aliyeleta habari kamili ya kifo chake.

Nimezitafuta habari za watu hawa wawili kwa miaka kadhaa, na kila ninapozungumzia jambo hili, iwe Kisumu, Luanda au Nakuru, nakutana na mtu mwenye swali lilelile: babu yetu alikufa Keya, yaani vitani, amezikwa wapi, na je, naweza kwenda? Jibu huanzia mbali kidogo na makaburi. Linaanzia kwenye daftari. Kabla ya kuuliza alizikwa wapi, uliza aliandikwa kwenye kitabu gani: cha askari, cha wapagazi, au cha vikosi vya kazi. Kitabu hicho ndicho kilichoamua kama angepata jiwe lenye jina lake, au jina kwenye ukuta katika nchi ya mbali, au kimya.

Wazee wetu waliyaacha majina yanayoweza kutuongoza, ila sisi tumeyachanganya yote tukayaita Keya. Keya kwa hakika ni KAR, yaani King's African Rifles, jeshi la askari Waafrika chini ya maafisa Waingereza lililoundwa 1902. Kariakor ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi kilichoanzishwa Agosti 1914 chini ya Oscar Watkins. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zinaitwa hivyo kwa sababu ya kambi zao. Panyako, jina ambalo huku magharibi watu walipewa hata watoto, ni Pioneer Corps, vikosi vya kazi vya Vita vya Pili vilivyochimba mahandaki na kutengeneza barabara, na ambavyo watu wake wengi walipelekwa Misri na nchi jirani za Mashariki ya Kati. Kwa hiyo nyanya akikuambia babu alikuwa "Kariakor", usimsahihishe kuwa alimaanisha askari. Msikilize, kwa sababu neno hilo moja linabadilisha mahali pote utakapotafuta.

Vita vya Kwanza vilifika huku kwetu mapema kuliko wengi wanavyodhani. Septemba 1914 Wajerumani waliingia Kisii, na risasi zilisikika ziwani karibu na Karungu. Juni 1915 jeshi lililokwenda kushambulia Bukoba lilipanda meli Kisumu. Lakini wengi wa watu wetu waliokufa hawakufia kwenye mapigano hayo. Walikufa baadaye, kusini, ndani ya nchi ambayo sasa ni Tanzania na Msumbiji, wakiwa na mzigo kichwani. Mbung'o, wale nzi waletao malale, waliwaua wanyama wa kubeba mizigo, barabara za magari zilikuwa chache na reli haikufika kila mahali, basi kila gunia la unga na kila sanduku la risasi lilitembea kwa miguu ya binadamu.

Mwaka 1917 jeshi lilipohitaji wapagazi wengi kwa mara moja, aliyekabidhiwa kazi ya kuwapata alikuwa John Ainsworth, na hilo halikuwa jambo la bahati. Alikuwa ametawala Mkoa wa Nyanza kutoka Kisumu kwa takriban miaka kumi, akiwajua machifu na idadi ya vijana. Kila chifu alidaiwa watu. Nyanza ikatoa sehemu kubwa sana. Walisafirishwa kwa reli kutoka Kisumu, wakapewa blanketi na kibati chenye namba, wakaenda.

Kilichowaua zaidi kilikuwa kuhara damu, malaria na kichomi. Watu waliozoea ugali wa mtama na wimbi walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, na mara nyingi hapakuwa na kuni wala muda wa kuupika ukaiva. Tumbo liliharibika, na mtu mwenye tumbo bovu alitakiwa aamke alfajiri kubeba tena. Kwa upande wa Waingereza pekee, ukijumlisha wapagazi wa nchi zote za eneo hili, makadirio ya wanahistoria hukaribia vifo 100,000. Nimerudia kuisoma namba hiyo mara nyingi na bado sijaizoea.

Ninaomba msomaji asipite haraka hapa, kwa sababu hapa ndipo familia nyingi zinapojilaumu bure. Nimewasikia wazee wakisema, "Sisi hatukufuatilia." Siyo kweli. Mwaka 1917 Waingereza waliunda Tume ya kutunza makaburi ya vita, ambayo leo inaitwa Commonwealth War Graves Commission. Msingi wake ulikuwa mzuri: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina, kwa jiwe la aina moja, bila kujali cheo, utajiri wala dini. Huko Ufaransa na Ubelgiji jambo hilo lilifanyika. Katika Afrika Mashariki maafisa waliandikiana na kukubaliana kwamba Waafrika hawajafikia hatua ya kuthamini kaburi lenye jina. Mawe yakawekwa kwa wazungu. Makaburi mengi ya askari Waafrika na wapagazi yaliachwa yamezwe na nyasi, na hilo lilikuwa uamuzi, lilijadiliwa, likawekwa kwenye faili. Badala ya majina zikajengwa sanamu katika miji mitatu: Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Ile ya Nairobi iko barabara ya Kenyatta, na maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Yameandikwa kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Yanaahidi pia kwamba anayekufa akipigania nchi, wanawe watalikumbuka jina lake. Jina lenyewe halipo hata moja.

Aprili 2021 Tume hiyo ilitoa ripoti iliyokiri haya waziwazi. Ilisema kati ya watu 45,000 na 54,000, wengi wao Waafrika na Waasia, hawakupewa kumbukumbu sawa na wenzao wa Vita vya Kwanza, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni mwezi huohuo. Tangu hapo kazi ya kukusanya majina imeendelea. Januari 2025 ulizinduliwa mnara Cape Town wenye majina 1,772 ya vibarua weusi wa Afrika Kusini waliokufa katika vita hivyo bila kuwekewa kumbukumbu. Kwa hiyo majina hupatikana, yakitafutwa. Wapagazi wetu walikuwa na namba, na mahali penye namba palikuwa na daftari. Daftari hizo ndizo zilizotumika kubishania mishahara ya marehemu ambayo jamaa zao hawakuwahi kuipokea.

Basi ikiwa mtu wako alikuwa mpagazi wa 1914 hadi 1918, huenda hutapata kaburi wala jina kwa sasa. Ni uchungu kulisema hivi, lakini ni afadhali ulijue kabla hujatumia nauli yako kwenda Taveta au Dodoma kusoma mawe moja moja.

Vita vya Pili ni habari nyingine. Safari hii askari Waafrika na watu wa vikosi vya kazi waliandikwa kwa majina, na wengi wana jiwe au wako kwenye ukuta. Hapa ndipo utafutaji unapozaa matunda. Tume ina orodha kwenye intaneti ambayo mtu yeyote anaitazama bila malipo, yenye watu milioni 1.7 katika nchi zaidi ya 150. Ukimpata mtu wako utaona namba yake ya jeshi, kikosi, tarehe ya kifo, makaburi aliyozikwa na mstari wenyewe. Pengine utaona pia jina la baba yake na wilaya alikotoka.

Tatizo ni tahajia. Karani wa jeshi aliandika alichosikia. Okoth anaweza kuwa Okot au Okotha. Wamukoya anaweza kuanza na U. Khaemba akapoteza h yake. Mtu wa Kericho au Nakuru mwenye "arap" anaweza kupangwa chini ya A badala ya jina la ukoo. Jina la baba likakaa mbele na la mwana nyuma. Sisi tulimkosa wetu kwa muda mrefu kwa sababu tulitafuta kwa jina la ubatizo ambalo, kumbe, alilitumia kanisani tu. Alipoandikishwa alitoa jina lake la Kijaluo na la baba yake, yule mpagazi. Na usitafute "Siaya" wala "Vihiga" wala "Bungoma". Wakati huo hazikuwa wilaya. Utakuta North Kavirondo, Central Kavirondo au South Kavirondo, na ukishalijua hilo mambo hurahisika.

Kama nyumbani kuna medali, iangalie ukingoni. Zile za Vita vya Kwanza kwa kawaida zimechorwa namba, jina na kikosi; za Vita vya Pili aghalabu hazina kitu. Barua, picha yenye kofia, hata sahani ya bati yenye namba, vyote vina kazi. Faili za Mkoa wa Nyanza ziko katika Jumba la Kumbukumbu za Taifa, Moi Avenue, Nairobi, na humo kuna ripoti za wilaya za miaka ile, ingawa zinataka subira ya mtu aliyejiandaa kukaa siku nzima.

Tarehe nazo zina uzito. Tume huhesabu waliokufa kati ya 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921, na kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947. Babu aliyerudi salama akafa mwaka 1980 hayumo, hata kama alipigana Burma miaka miwili. Kaburi lake ni lile la nyumbani na ni jukumu la familia. Lakini wako waliorudi na jeraha au ugonjwa wa vitani, wakafa nyumbani ndani ya tarehe hizo. Hao wanaweza kuwa na haki ya kumbukumbu ya Tume hata kama wamelala chini ya mwembe wa boma lao, na familia yenye ushahidi inaruhusiwa kuandika kuomba jambo hilo lichunguzwe. Nadhani wako wengi kuliko tunavyofikiri.

Kwa mtu wa Nakuru, makaburi ya vita yaliyo karibu ni ya Gilgil, mji uliokuwa na kambi kubwa ya jeshi wakati wa Vita vya Pili. Nairobi kuna makubwa zaidi, barabara ya Ngong, na ndani yake mna ukuta wa ukumbusho wa Afrika Mashariki wa wale wasio na kaburi linalojulikana. Wamo humo watu wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki waliozama na meli ya Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944, meli iliyotoka Mombasa kwenda Colombo na kuzamishwa na nyambizi ya Wajapani. Watu 1,297 walikufa siku ile kwa dakika chache. Ikiwa kwenu kuna hadithi ya mtu "aliyekufa baharini", anza hapo.

Waliokufa Burma wako mbali zaidi. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw wakati wa mvua za 1944, kwenye matope na malaria, hadi ikafika Kalewa mapema Desemba. Makaburi makuu yako Taukkyan, kaskazini mwa Yangon, na hapohapo kuna ukumbusho wenye majina karibu 27,000 ya wasiojulikana walipolala. Kaka yake babu yuko kwenye ukuta huo. Nimeona picha tu. Tangu mapinduzi ya Februari 2021 Myanmar imekuwa katika vita vyake yenyewe, na sikuona haki kumshauri baba yangu, mtu mzima wa umri ule, apande ndege kwenda huko.

Swali linalofuata, na kwa Wajaluo na Waluhya ndilo kubwa, ni hili: akipatikana, tunaweza kumleta nyumbani? Kwa kawaida hapana. Tangu Vita vya Kwanza msimamo umekuwa kwamba aliyefia vitani analala alikofia. Sababu yake ilikuwa usawa: familia tajiri za Uingereza zisije zikawarudisha wana wao huku za maskini zikibaki na machozi. Naielewa sababu hiyo. Lakini kwetu, mtu mzima kulala nje ya boma lake ni jambo lisilokamilika, na kila aliyeishi Kenya mwaka 1987, kesi ya maziko ya wakili S.M. Otieno ilipochukua miezi mahakamani kabla ya kuzikwa kwao Nyalgunga, anajua uzito wake. Hapo ndipo ninapoliheshimu lile yago. Jamii zetu zilikuwa na jibu tayari kwa mwili usiorudi. Baadhi ya Waluhya huzika shina la mgomba. Mimi ni Mkristo na najua wapo wachungaji wasiopenda desturi hizi, ila sijaona ubaya wa familia kumpa mtu wao mahali panapotajika.

Ukienda kuzuru, hakuna kiingilio. Makaburi haya hutunzwa vizuri na watunzaji wake huzoea kuulizwa. Nenda na namba ya mstari na ya kaburi, vinginevyo utazunguka hadi jua liwe kali. Mara nyingi kuna kijisanduku ukutani chenye daftari la majina na kitabu cha wageni. Andika, kwa sababu kitabu kilichojaa majina ya jamaa wa Kiafrika kinasema jambo ambalo maafisa wa miaka ya 1920 hawakuliamini. Wengine hubeba maua. Sisi tulibeba udongo wa nyumbani kwenye kopo, kiasi cha kiganja, baba akaunyunyiza kwenye nyasi karibu na ukuta wa barabara ya Ngong. Mtu wetu hayumo kwenye ukuta ule, tulijua. Baba alisema waliomo ni wenzake.

Kisha tukaenda mjini, barabara ya Kenyatta, kwa sababu yule mpagazi hana pengine popote. Ilikuwa saa sita, watu wanapita kwenda kula, matatu zinapiga honi. Baba alivua kofia mbele ya zile sanamu za shaba akasimama upande ulio na maneno ya Kiswahili, akayasoma yote polepole, hadi mwisho. Nilidhani atasali. Badala yake alianza kuzungumza kwa Kijaluo, sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayezungumza na mzee aliyeketi kwenye kiti. Alimtaja kwa jina lake. Akamwambia kwamba ile mimba aliyoiacha ilikuwa mtoto wa kiume, na kwamba mtoto huyo aliishi hadi akazeeka. Akamweleza habari za Burma. Halafu akaanza kuwahesabia waliozaliwa, boma kwa boma, bila kuruka hata mmoja, hadi akamfikia mwanangu wa kwanza, ambaye nyanya zake walimpa jina hilohilo la mpagazi, alipokuwa akilia usiku akiwa mchanga na kunyamaza kila lilipotajwa.

Ilichukua zaidi ya nusu saa. Askari wa kaunti alisogea akitaka kujua tunafanya nini. Nilimweleza kwamba tumekuja kumwona babu. Aliitazama sanamu, akamtazama baba, akarudi nyuma hatua chache akasimama pale hadi baba alipomaliza.